Miwani ya Jua kwa Mchezaji wa Gofu: Tathmini ya Oakley Flak 2.0 XL na Aina Nyingine Tatu za Lenzi

Miwani yangu ya kwanza ya kuchezea gofu niliichagua mbele ya kioo cha dukani, nikiutazama uso wangu badala ya kutazama kitu chochote cha mbali, na nikaridhika nayo kwa sababu lenzi zake za kijivu zilikuwa nyeusi kiasi cha kuyaficha macho yangu kabisa. Kosa hilo lilijidhihirisha kwenye shimo la pili. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mpira kwenye griini, yaani lile eneo la nyasi fupi kabisa linalozunguka shimo, nikiwa mita nne hivi kutoka shimoni, na nilichokiona mbele yangu kilikuwa zulia moja la kijani lisilo na mkunjo wala kivuli. Nilipoisukuma miwani hadi kwenye paji la uso, zulia lile lile likagawanyika: upande wa kushoto nyasi ziling'aa, upande wa kulia zilikuwa na weusi kidogo, na katikati palikuwa na kibonde chembamba ambacho kingeupeleka mpira wangu pembeni kwa upana wa kiganja.

Tangu siku hiyo nimecheza na miwani ya aina nne, kila aina kwa raundi za kutosha kuijua katika jua la utosini, katika mawingu na katika mwanga mlalo wa jioni. Mojawapo ni Oakley Flak 2.0 XL yenye lenzi iitwayo Prizm Dark Golf, ambayo naitaja kwa jina kwa kuwa lenzi hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mchezo huu na kwa kuwa ndiyo niliyobaki nayo. Zile nyingine tatu sizitaji majina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza ni za aina ya lenzi kuliko za mtengenezaji mmoja: ya kwanza ni ile ya kijivu yenye polaraizi, yaani utando wa kukata mng'ao, ya pili ina lenzi zinazobadilika weusi kufuatana na jua, na ya tatu ni ya njano.

Ni vyema kueleza kwanza kwa nini gofu ihitaji miwani yake. Mwendesha baiskeli hutazama barabara iliyo mbele yake kwa umbali usiobadilika sana, na mvuvi hutaka zaidi ya yote aondolewe mng'ao wa maji. Mchezaji wa gofu hudai mengi kutoka kwenye lenzi ile ile. Hutazama chini, kwenye mpira ambao kwa kanuni kipenyo chake hakiruhusiwi kupungua milimita 42.67, ulio karibu na miguu yake. Sekunde chache baadaye huutafuta mpira huo huo angani, umbali wa mita mia na zaidi, ukiwa nukta nyeupe mbele ya anga ya buluu au, vibaya zaidi, mbele ya wingu jeupe. Akifika kwenye griini anatakiwa kusoma mteremko wa sentimita chache kuelekea shimo lenye kipenyo cha milimita 108. Katikati ya hayo huingia na kutoka kivulini mwa miti mara nyingi, kwa saa nne au zaidi, akitokwa jasho na akiwa amevaa kofia. Na mpira ukipotelea kwenye majani marefu, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 humpa dakika 3 tu za kuutafuta, badala ya 5 za zamani. Lenzi inayofanya vizuri jambo moja kati ya hayo na kuyaharibu mengine haimfai, hata iwe na jina kubwa namna gani.

Nianze na rangi, kwa kuwa hapo ndipo nilipoona tofauti kubwa kuliko mahali pengine popote. Katika mwanga wa mchana, jicho la binadamu huhisi kwa wepesi zaidi mwanga wa kijani unaoelekea njano, karibu na urefu wa mawimbi wa nanomita 555, na uwanja wa gofu umejaa rangi hiyo tangu mahali pa kuanzia hadi shimo la 18. Tatizo ni kwamba uwanja mzima ni wa kijani, na mchezaji hana haja ya kuiona kijani. Ana haja ya kutofautisha kijani na kijani. Lenzi ya kijivu hupunguza rangi zote kwa kiwango kinachokaribiana, kwa hiyo dunia hubaki na rangi zake za asili, ila imefifia kama chumba kilichopunguzwa taa. Hakuna rangi iliyoharibika, lakini pia hakuna iliyosaidiwa.

Lenzi za kahawia, za shaba na za waridi hufanya kazi kwa namna nyingine. Huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa buluu, ambao hutawanyika hewani kuliko rangi nyekundu na njano na kuleta kile kiukungu chepesi kinachozifanya kingo za vitu vya mbali zionekane hafifu, kisha huziacha rangi nyingine zipite kwa wingi zaidi. Matokeo yake huonekana mara moja. Anga ya buluu huwa nzito, na mpira mweupe hujitokeza juu yake kama chaki ubaoni. Majani yaliyoanza kukauka, ambayo yana njano na wekundu ndani yake, hujitenga na majani mabichi hata kwa mbali. Huo ndio utengano ambao mchezaji huutafuta anapotaka kujua nyasi fupi zinaishia wapi na majani marefu yanaanzia wapi.

Prizm Dark Golf ni ya ukoo huo wa waridi, lakini rangi zilizochanganywa ndani yake huchagua kwa makusudi: huyachuja baadhi ya mawimbi kwa ukali na kuyaacha mengine, ili vivuli vya kijani vilivyokaribiana mno viachane. Hupitisha asilimia 22 ya mwanga, wakati ndugu yake, Prizm Golf ya kawaida, hupitisha asilimia 30. Kwa anayetoka kwenye miwani nyeusi kama yangu ya kwanza, kiasi hicho kitaonekana kuwa kikubwa mno, na nakiri kwamba siku ya kwanza sikuipenda. Ngozi ya mikono yangu ilikuwa nyekundu kama ya mtu aliyeungua, na nyasi zilikuwa na ukolezi wa picha iliyorekebishwa na fundi asiyejua kiasi. Baada ya mashimo matatu hivi macho yalizoea na ule wekundu ukatoweka fikrani, ila faida ikabaki. Nikiwa mita 140 kutoka kwenye griini niliweza kuuona ule ukanda wa nyasi fupi kiasi unaoizunguka, ukiwa kama pindo la nguo, na nikajua ni wapi hasa mpira ukitua hautabingirika tena. Kwenye griini yenyewe, vile vishimo vidogo vinavyoachwa na mipira inapotua, ambavyo kwa macho matupu huwa navikanyaga kabla ya kuviona, vilionekana kama vidoa vyeusi nikiwa bado nasimamisha mfuko wa fimbo.

Lenzi ya njano inahitaji maneno machache. Katika asubuhi ya mawingu mazito huuchangamsha uwanja na kuzipa kingo za vitu makali, na mtu akiivaa huhisi kana kwamba jua limechomoza mapema. Lakini kazi yake inaishia hapo: hupitisha mwanga mwingi mno kwa mchana wenye jua, na kwa kuwa huondoa buluu karibu yote, mpira mweupe na mpira wa njano huanza kufanana, jambo lililowahi kunifanya niupige mpira wa mwenzangu na kulipa adhabu ya mipigo miwili. Kuna pia miwani ya lenzi za buluu inayouzwa kwa ajili ya kutafutia mipira iliyopotea, ambayo huyatia giza majani ili cheupe kilichojificha kionekane. Hiyo ni ya kuchungulia vichakani kwa zile dakika tatu na kurudishwa mfukoni, si ya kuchezea.

Sasa nije kwenye suala linalowagawa wachezaji kuliko jingine lolote, nalo ni polaraizi. Mwanga unaotoka juani hutikisika kila upande, lakini ukigonga uso laini uliolala, kama vile maji yaliyotulia au lami yenye unyevu, sehemu inayorudi machoni huwa na mtikisiko wa mlalo zaidi. Mng'ao huo ndio unaochoma macho na kuficha kilicho chini yake. Lenzi ya polaraizi ina utando unaofanya kazi kama uzio wa fito za wima, kwa mfano: mtikisiko wa wima hupenya, na ule wa mlalo huzuiwa. Si uvumbuzi wa juzi. Edwin Land, aliyeanzisha kampuni ya Polaroid mwaka 1937, ndiye aliyeufanya utando huo uweze kutengenezwa kwa wingi na kutiwa kwenye miwani.

Kando ya bwawa hakuna lenzi inayoishinda. Nakumbuka nikiwa nimesimama ukingoni, mpira wangu ukiwa umetumbukia mbele ya macho yangu na maji yakiwa kama bati jipya juani; nikavaa ile ya kijivu yenye polaraizi, na bati likageuka kuwa kioo cha dirisha. Mpira ulikuwa pale, kwenye kina cha kiganja kimoja, umelala ubavuni mwa jiwe, na nyuma yake kulikuwa na mingine miwili ambayo wenyewe walishakata tamaa. Kwa anayeendesha gari kwenda uwanjani na kurudi, au kwa yule ambaye macho yake huuma upesi kwa mwanga mkali, faida hiyo si ya kubezwa.

Lakini griini si bwawa, na mng'ao wa nyasi si adui. Nyasi zilizokatwa fupi hulala upande mmoja, kwa sababu ya jinsi zinavyoota, ya mteremko wa maji au ya njia ya mashine ya kukatia. Ukizitazama kwa kufuata mlalo wake, yaani zikiwa zimekupa mgongo, hung'aa na kuonekana nyepesi; ukizitazama zikiwa zimekuelekea, huonekana nzito na zenye weusi. Mpira unaosukumwa kufuata mlalo hukimbia, na ule unaosukumwa dhidi yake husita na kufupisha safari. Mchezaji mzoefu huisoma tofauti hiyo hata bila kujua kwamba anaisoma. Basi polaraizi hupunguza mng'ao huo huo. Wapiga picha hutumia kichujio cha aina hiyo makusudi ili majani yapoteze kung'aa na yatoke na kijani kizito kilicho sawasawa, na picha hupendeza. Ila kijani kizito kilicho sawasawa ndicho hasa mtu asichokihitaji anapotaka kujua mpira utakata kona wapi. Hapo ndipo nilipolielewa lile zulia langu la shimo la pili. Weusi wa lenzi ulikuwa na lawama yake, lakini mwizi mkubwa alikuwa utando.

Nililijaribu jambo hili kwa utaratibu kidogo, mchana mmoja uwanja ulipokuwa mtupu. Niliizunguka griini ile ile mara tatu, kwanza kwa macho matupu, kisha kwa miwani ya polaraizi, kisha kwa Prizm, ambayo haina polaraizi, na kila mara niliweka kijiti mahali nilipoamini kwamba mlalo wa nyasi unabadilika. Kijiti cha kwanza na cha tatu viliachana kwa hatua moja. Cha pili sikukiweka kabisa, kwa kuwa sikuona mabadiliko yoyote ya kuwekea kijiti. Jaribio la mtu mmoja kwenye griini moja halimfungi mwingine, na nawafahamu wachezaji hodari wanaovaa polaraizi mwaka mzima bila kulalamika, kwa kuwa wao husoma mteremko kwa nyayo zao na kwa kulizunguka shimo, au huivua miwani kila wafikapo kwenye griini. Mimi nimeshindwa na desturi hiyo ya kuvua na kuvaa. Jicho lililotoka kwenye giza la lenzi huhitaji muda kabla halijatulia katika mwanga mkali, na muda huo ndio ambao mtu anatakiwa awe anapanga msukumo wake.

Kuna kero nyingine ya polaraizi ambayo wauzaji hawaitaji. Vioo vya saa nyingi za kupimia umbali, vya simu na vya baadhi ya vipima umbali vya leza vina utando wa aina hiyo hiyo ndani yake, na tando mbili zikipishana kwa pembe mraba, mwanga hauna pa kupita. Nilikuwa nikiinua kipimo changu na kukuta tarakimu zimefifia au kioo kimekuwa cheusi tii, hadi niinamishe kichwa begani kama mtu anayesikiliza kitu. Tabia hiyo ina manufaa moja tu: ni njia rahisi ya kuhakiki dukani kama lenzi kweli ina polaraizi. Shika miwani mbele ya kioo cha simu kilichowashwa na uizungushe polepole. Ikiwa hakuna mahali ambapo kioo kinaingia giza, yaelekea lebo haisemi kweli.

Lenzi zinazobadilika weusi zenyewe zilinipa matumaini makubwa na furaha ya wastani. Wazo ni zuri: miale ya urujuanimno (UV) huziamsha chembe zilizomo ndani ya lenzi na kuitia giza, na ikiondoka lenzi hurudi kuwa nyepesi. Shida ni mwendo. Kutia giza huchukua muda mfupi, lakini kurudi kwenye wepesi huchukua dakika kadhaa, na mchezaji anayetoka kwenye jua kali na kuingia chini ya miti kuupiga mpira wake hana dakika kadhaa. Zaidi ya hayo, katika joto kali lenzi hizi haziwi nyeusi kama katika baridi, kwa hiyo siku ambayo mtu anazihitaji zaidi ndiyo siku zinapolegea. Zinamfaa anayecheza mapema asubuhi na kuendelea hadi jua linapopanda, ambapo mabadiliko ya mwanga ni ya polepole kama zilivyo zenyewe.

Umbo la fremu huonekana kuwa suala la urembo hadi mtu asimame juu ya mpira. Katika mkao wa kupiga, kichwa huinama na macho hushuka, hivyo mchezaji hutazama kupitia sehemu ya chini ya lenzi, mahali ambapo wengi hawajawahi kupajaribu dukani. Fremu yenye ukingo mnene chini hukata picha hiyo vipande viwili: mpira juu ya mstari mweusi, viatu chini yake, na kila kichwa kinapotikisika kidogo mstari huo hutikisika pia. Flak 2.0 XL haina ukingo wa chini. Lenzi inaning'inia kutoka kwenye fremu ya juu, na katika toleo hilo la XL lenzi ni ndefu zaidi kwenda chini kuliko ya toleo la kawaida. Kwa mtu mwenye uso mpana kama mimi ilikaa vizuri, mpira na kichwa cha fimbo vyote vikiwa ndani ya lenzi bila mpaka. Kwa mwenye uso mwembamba toleo la kawaida litafaa zaidi, kwa kuwa lenzi ndefu hugusa shavu mtu anapotabasamu au anapokunja uso kwa jua.

Mkunjo wa lenzi nao una pande mbili. Lenzi iliyopinda hadi karibu na sikio huzuia mwanga wa pembeni, vumbi na upepo, lakini lenzi iliyopinda vibaya huusogeza mpira kidogo kutoka mahali ulipo, na sentimita moja chini ya miguu ni tofauti kati ya mpigo safi na kulima udongo. Njia ya kujua ni hii: simama mbele ya mstari ulionyooka, kama vile kiungo cha vigae vya sakafuni au fremu ya dirisha, na utembeze macho kutoka katikati ya lenzi hadi pembezoni bila kugeuza kichwa. Mstari ukipinda au ukionekana kuruka, irudishe miwani rafuni. Lenzi za Prizm nilizozijaribu zilibaki zimenyooka hadi karibu kabisa na ukingo. Ile ya njano ilipinda mapema sana.

Kuhusu kukaa usoni, sina mengi. Mikono ya miwani iwe myembamba ili ipite chini ya kofia bila kubana fuvu, na sehemu za kugusa pua na nyuma ya masikio ziwe za mpira unaoshika ngozi yenye jasho. Oakley huuita mpira wake Unobtainium, jina la mzaha, na huahidi kwamba hushika zaidi unapolowa. Katika raundi za joto kali haukuteleza hata nilipozungusha fimbo kwa nguvu zangu zote. Ile ya kijivu ilikuwa na plastiki tupu puani, na kufikia shimo la sita ilikuwa ikiteremka kila ninapoinama, hadi nikawa naisukuma kwa kidole kabla ya kila mpigo kama sehemu ya maandalizi. Kwa wanaodhani kwamba miwani huvuruga mpigo wenyewe, wakumbuke kwamba mchezaji gofu David Duval alishinda mashindano ya The Open mwaka 2001 kule Royal Lytham & St Annes akiwa na miwani iliyouzingira uso wake.

Wanaovaa miwani ya kusahihisha macho wana jambo la kuzingatia ambalo nimelijua kupitia mwenzangu ninayecheza naye. Lenzi zake zilikuwa na sehemu ya kusomea chini na ya kuonea mbali juu, na kwa kuwa gofu huchezwa kwa macho yaliyoteremka, kila alipoutazama mpira aliutazama kupitia sehemu ya kusomea, akauona umevimba na wenye ukungu. Alianza kuinamisha kidevu hadi kifuani ili aupate kupitia sehemu ya juu, na mpigo wake ukaharibika kabla hajajua sababu. Mtaalamu wa macho alimtengenezea lenzi za kuona mbali pekee, zenye kijisehemu kidogo cha kusomea kwenye kona ya chini ya nje ya lenzi moja, kinachomtosha kuandika alama kwenye kadi. Anayefikiria miwani yenye mkunjo mkubwa aulize pia kabla ya kuagiza, kwa sababu si kila nguvu ya lenzi inayoweza kutengenezwa kwa usahihi katika fremu iliyopinda hivyo.

Kinga dhidi ya miale ya urujuanimno ni sharti, wala si sifa ya kujivunia, ndiyo maana nimeiacha hadi hapa. Miale hiyo inahusishwa na mtoto wa jicho na kinyama kinachoota juu ya weupe wa jicho, na huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mchanga mkavu wa ufukweni huirudisha kwa asilimia 15 hivi, na mawingu mepesi hayaizuii kama watu wanavyodhani. Tafuta maandishi ya UV400, yanayomaanisha kwamba lenzi inazuia miale hiyo hadi nanomita 400. Weusi wa lenzi hausemi lolote kuhusu kinga hiyo: lenzi isiyo na rangi yaweza kuizuia yote, na nyeusi yaweza kuipitisha. Weusi wenyewe hupangwa kwa makundi kuanzia 0 hadi 4. Kundi la 2 hupitisha asilimia 18 hadi 43 ya mwanga, la 3 hupitisha 8 hadi 18, na la 4 hupitisha 3 hadi 8, nalo halifai kabisa kuendeshea gari. Prizm Dark Golf iko kwenye kundi la 2. Ile yangu ya kwanza ilikuwa ya kundi la 3 lililokaribia mwisho, na kwa anayechezea kwenye uwanda usio na mti kundi hilo lina haki yake; kwenye uwanja wenye miti, kila kivuli kiligeuka kuwa giza la magharibi.

Lenzi za polikaboneti ni nyepesi na hazivunjiki kirahisi, lakini huchubuka upesi kuliko watu wanavyotarajia. Kuifuta kwa pindo la shati lenye vumbi la mchanga ni kuipiga msasa. Mimi huimwagia maji kwanza, kisha huipitishia sabuni laini kwa vidole, ndipo natumia kitambaa chake. Dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET huila plastiki, kwa hiyo anayejipaka aoshe mikono kabla ya kugusa miwani. Mmoja wa wenzangu aliacha alama ya kidole gumba kwenye lenzi ambayo hakuna kitambaa kilichoitoa.

Uamuzi wangu, baada ya yote hayo, ni kwamba Flak 2.0 XL yenye Prizm Dark Golf ndiyo ninayoipendekeza kwa anayecheza zaidi mchana wenye jua, kwa sharti kwamba uso wake unaipokea na kwamba yuko tayari kuuvumilia wekundu wa siku ya kwanza. Asiyetaka jina hilo atafute lenzi yoyote ya shaba au ya waridi ya kundi la 2, isiyo na polaraizi, yenye UV400, isiyo na ukingo chini, na ahakikishe muuzaji atakubali kuirudisha baada ya kuijaribu kwenye griini ya mazoezi, kwa kuwa taa za dukani haziwezi kumwonyesha mlalo wa nyasi. Ile ya kijivu yenye polaraizi sikuitupa; inakaa garini, na hutoka ninapokwenda kuvua samaki. Jambo moja ambalo lenzi yoyote kati ya hizi haijanitatulia ni ile nusu saa ya mwisho, jua likiwa limelala kwenye vilele vya miti na griini ikiwa nusu dhahabu, nusu kivuli. Hapo Prizm nayo huwa nyeusi mno, nami huivua, naiweka kwenye mfuko wake wa kitambaa, na kucheza mashimo yaliyobaki kwa macho matupu, kofia nikiwa nimeishusha hadi kwenye nyusi.